Mguu wa Lara, Bega la Mnyamwezi

Oya wana, jibuni swali moja fasta. Kwenye gemu unayoikubali kuliko zote, kitu gani unakifanya kwa muda mrefu zaidi? Usinitajie risasi. Usinitajie bosi wa mwisho. Jibu ni kutembea. CJ anakatiza mitaa ya San Andreas, Kratos anapanda mlima na dogo wake, Ellie anavuka miji iliyokufa, na yule mwana wa Genshin Impact anakwea majabali ndani ya simu yako mpaka betri inalia. Chukua masaa yote uliyomwaga kwenye gemu, toa mapigano, toa maongezi, toa kusubiri ipakie. Kinachobaki ni hatua.

Hizo hatua zina wazazi. Kuna masela wachache wa Japani, Uingereza na Ufaransa walioumiza vichwa miaka ya 1990 ili mtu wa kwenye skrini aweze kwenda mbele, nyuma, juu na chini bila mchezaji kushikwa na kizunguzungu. Kila gemu kali ya 3D iliyofuata imerithi kwao. Mimi naandika haya Tabora, mji uliojengwa na watu wa miguu, na msimamo wangu ni huu: urithi ule unatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Gemu za safari zinahangaika kwa karibu miaka thelathini na kazi ambayo Wanyamwezi walikuwa mafundi wake kabla reli haijafika.

Kamera ikae wapi?

Kabla ya 3D, kucheza kulikuwa mambo ya upande. Unaenda kulia, unaruka, unamkanyaga kobe, unasonga. Dunia ya gemu ilipopata kina, maswali mawili yakaibuka papo hapo. La kwanza, jicho la mchezaji likae wapi? La pili, ukisukuma mbele, ni mbele ya nani: yako wewe uliyekaa kwenye kochi, au ya yule mtu wa ndani?

Frédérick Raynal na wenzake wa Infogrames kule Ufaransa walijibu mwaka 1992 kwa gemu ya Alone in the Dark. Watu walikuwa wa 3D, vyumba vilikuwa picha zilizochorwa tayari, na kamera imegandishwa kwenye kona. Huoni kilicho nyuma ya mlango, na hapo ndo roho inaanza kudunda. Capcom wa Japani wakaja na mtindo huohuo mwaka 1996 kwenye Resident Evil, chini ya Shinji Mikami. Kama uliwahi kuicheza usiku, geto giza, sauti juu, huhitaji kuelezwa kamera iliyogoma kugeuka inamfanya nini mtu.

Juni 1996 Nintendo wakaachia Super Mario 64 kule Japani, pamoja na mashine yao mpya. Pedi ilikuja na kijiti kinachosikiliza dole gumba: ukisukuma kidogo Mario ananyata, ukisukuma sana anachomoka mbio. Leo pedi bila kijiti hakuna anayeinunua. Kamera nayo wakampa mtu aishike: Lakitu, kiumbe anayepanda wingu na kumfuata Mario kila kona. Mchezaji wa mwaka ule, ambaye hajawahi kuona kitu cha hivyo, akaelewa somo bila kusoma kitabu: kumbe jicho nalo ni la kuliongoza.

Mwishoni mwa mwaka huohuo akaingia sista mwenye bastola mbili. Tomb Raider ilipikwa na Core Design katika mji wa Derby, Uingereza, na aliyemchora Lara Croft ni Toby Gard. Ukoo wake unaanzia kwenye Prince of Persia, gemu ya Jordan Mechner ya mwaka 1989, ambayo mwili wake ulikuwa na uzito: ukikimbia huwezi kusimama ghafla, ukianguka juu sana unakufa. Core Design wakauchukua mwili huo wakauweka ndani ya 3D. Ardhi yote ya Tomb Raider imejengwa kwa maboksi yanayolingana. Lara akiruka amesimama anavuka pengo la boksi moja. Akikimbia anavuka mawili. Akikimbia na kunyoosha mikono adake ukingo, anafika matatu. Ukishika kitufe cha kutembea taratibu, anafika mwisho wa jabali na kusimama bila kudondoka. Kwa hiyo mchezaji wa Tomb Raider hakurupuki. Anafika ukingoni, anapima, anarudi nyuma hatua moja, ndo anaruka. Ile heshima ya kusoma ardhi kabla ya kuikanyaga ndo zawadi kubwa ya Lara kwa gemu zote zilizokuja nyuma yake.

Halafu Novemba 1998, The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Hapa Nintendo wakafunga mjadala wa mapigano. Toru Osawa na Yoshiaki Koizumi walienda bustani ya studio za Toei mjini Kyoto, wakakaa kuangalia onyesho la ninja. Wakaona maadui wengi wanamzunguka shujaa lakini anayeshambulia ni mmoja, wengine wanangoja zamu. Wakarudi na wazo la kumfunga adui mmoja machoni: unabonyeza, kamera inamng'ang'ania, unamzunguka bila kumpoteza. Juu ya hilo wakaweka kitufe kimoja kinachobadilika kulingana na ulipo. Mlangoni kinafungua, kwenye sanduku kinafunua, mbele ya mtu kinaongea. Link, shujaa wa gemu hiyo, akifika ukingoni anaruka mwenyewe. Na katikati ya ramani wakatandaza uwanda mpana wenye mchana na usiku, unaouvuka kwa mguu mpaka siku utakapompata farasi Epona.

Kukopa hakuna aibu

Sasa fuatilia hizo mali zinavyohama mkono. Dan Houser, mmoja wa vichwa vya Rockstar, aliwahi kuliambia gazeti la New York Times mwaka 2012 kwamba mtengenezaji wa gemu za 3D anayekana kukopa chochote kwa Mario au Zelda anadanganya. Hilo limetoka kinywani mwa mtu wa GTA! GTA III ilitua Oktoba 2001, na San Andreas ikafuata Oktoba 2004. Vibanda vyetu vya gemu vilitawaliwa na mpira, PES na FIFA, aliyefungwa anaachia pedi. Lakini mpira ukipumzika, anayewekwa ni CJ. Madogo wengi ambao hawajui kama kuna kitu kinaitwa Nintendo 64 walijifunza pale kuongoza jicho kwa kijiti kimoja na mwili kwa kingine. Walikuwa wanakula matunda ya mti wa mwaka 1996.

Kamera iliyogandishwa ya Resident Evil ilikuja kuvunjwa na wenyewe Capcom. Mwaka 2005, Mikami huyohuyo akaiweka nyuma ya bega la Leon kwenye Resident Evil 4. Mwaka uliofuata Gears of War ikaingia na bega hilohilo, na leo ukicheza The Last of Us au God of War ya 2018, bado uko palepale, nyuma ya bega. Assassin's Creed ya mwaka 2007 ilianza kutengenezwa kama muendelezo wa Prince of Persia. Uncharted ilizaliwa mwaka huohuo ikiwa na mahekalu, hazina na kuning'inia kwenye kingo, mambo ya Lara mtupu. Kisha gurudumu likazunguka: Tomb Raider mpya ya 2013 ikaja na vurugu za kisinema zilizopewa umaarufu na Uncharted. Mwalimu alirudi darasani kwa mwanafunzi wake, na alifanya la maana, maana ile gemu ilitoka kali kinoma.

Mfano mwingine unao mfukoni. Mwaka 2005 Fumito Ueda alitoa Shadow of the Colossus, ambamo unapanda miili ya majitu huku nguvu za kushikilia zinapungua, zikiisha unaachia. Mwaka 2017 Zelda ya Breath of the Wild ikakuruhusu kukwea karibu kila mlima kwa pumzi inayoisha kwa namna ileile. Septemba 2020 Genshin Impact ikaileta kwenye simu, bure, yenye kazi ya kumaliza bando tu. Ile pumzi inayopungua unapokwea imesafiri njia ndefu kukufikia.

Nairobi ililianzisha kitambo

Kuna watu wanaamini sisi Afrika Mashariki ni wachezaji tu. Hiyo stori ni ya uongo, na ushahidi upo. Mwaka 2007, kabla simu janja hazijajaa mtaani, kijana wa Nairobi anaitwa Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi. Ni gemu ya 3D. Shujaa ni binti wa Kiafrika anayesaka vitu vya kale vya bara lake. Ukimwona Nyangi, unamwona Lara nyuma yake bila kuuliza. Ila kuna kitu kimegeuzwa. Lara ni mtoto wa kishua wa Uingereza anayeingia makaburi ya watu wengine na kubeba. Nyangi anatafuta mali ya kwao. Kiungo ni kilekile, mwenye mkono amebadilika, na maana yote ya safari inabadilika naye.

Kirinya hakuishia hapo. Mwaka 2009 akaungana na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts, kampuni ya gemu na vitabu vya katuni vyenye mashujaa wa Kiafrika. Mwaka 2015 Mkenya mwingine, Andrew Kaggia, akaleta Nairobi X, gemu ya 3D ya kupambana na wavamizi kutoka anga za mbali katikati ya jiji la Nairobi. Huhitaji kuzipenda zote. Ziheshimu kwa sababu zilitengenezwa wakati hakuna chuo mtaani kinachofundisha hayo mambo, umeme unazingua, na intaneti ni ya kusubiria usiku.

Halafu kuna Abubakar Salim. Mwana wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, mwigizaji. Mwaka 2017 alikuwa sauti ya Bayek, shujaa wa Assassin's Creed Origins, ile ya Misri ya kale. Baadaye akafungua studio yake, Surgent Studios, na Aprili 2024 wakaachia Tales of Kenzera: ZAU. Kijana Zau amefiwa na baba yake, anakwenda kwa mungu wa mauti Kalunga kutaka kumrudisha. Salim aliibeba gemu hiyo kutoka kwenye msiba wa baba yake mwenyewe, akaijaza masimulizi ya Kibantu. Na unaweza kuicheza ukisikia watu wanaongea Kiswahili. Weka hilo kichwani: gemu iliyouzwa dunia nzima na kampuni kubwa, na sauti zake ni za lugha unayoongea na maza nyumbani.

Mji wa miguu

Turudi kitaa. Tabora ipo hapa ilipo kwa sababu njia zilikutana hapa. Toka Bagamoyo kwenda Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ni kama kilomita 1,200, na katikati pale Unyanyembe, eneo la Tabora, msafara ulikuwa lazima utue. Wanapumzika, wanaajiri watu wapya, wanagawana: wa kwenda ziwani, wa kwenda kaskazini Karagwe na Buganda. Wapelelezi Burton na Speke walitoka pwani mwaka 1857 wakachukua siku 134 kufika Kaze, sehemu ya Tabora ya leo. Stanley, mwaka 1871, alitumia siku chache zaidi toka Bagamoyo.

Vitabu vya shule vinawataja hao jamaa kwa sauti kubwa. Waliobeba mzigo wanatajwa kwa wingi tu: wapagazi. Lakini ile ilikuwa fani, na wenye fani walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba takribani kilo 30 begani. Kitambaa cha merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba vikienda bara. Pembe za ndovu zikirudi pwani, zile kubwa zikibebwa na watu wawili kwenye mti. Mbele anatangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera, ngoma inapigwa, nyimbo zinapokewa nyuma kwa nyuma. Waliondoka alfajiri ili jua likipanda wawe wameshatua mzigo. Kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado dogo hata kama ana ndevu. Kwenda Bagamoyo na kurudi ndo ilikuwa cheti cha utu uzima, na waliorudi walirudi na mali, nguo mpya na stori za kukesha.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na kazi ya bega ikafa. Njia bado inasomeka. Miembe imesimama kwenye njia za zamani, na mji wa Tabora mpaka leo unakula maembe kwa fujo. Nje kidogo ya mji, Kwihara, lipo tembe la Livingstone ambalo sasa ni makumbusho. Yeye na Stanley waliishi pale mapema mwaka 1872, Stanley akasepa Machi, Livingstone akakaa kungoja wapagazi mpaka Agosti. Hakuondoka mpaka mabega yamepatikana. Hiyo inakuonyesha nani aliyekuwa na nguvu ya kweli kwenye njia ile.

Mpagazi kwenye PlayStation

Sasa nakuja penyewe. Novemba 2019, Hideo Kojima, aliyetengeneza Metal Gear Solid mwaka 1998, alitoa Death Stranding kwenye PS4. Shujaa anaitwa Sam Porter Bridges. Jina la katikati linakwambia kazi yake: ni mpagazi. Gemu nzima unabeba mizigo unavuka nchi. Ukipanga vibaya mgongoni, unayumba. Unabana mikanda ya kulia na kushoto ili usidondoke. Viatu vinachakaa. Mto ukiwa na kina unakubeba na mzigo wako. Ukiacha ngazi au kamba kwenye jabali, mchezaji mwingine usiyemjua ataikuta upande wake na kukushukuru. Wakipita wengi sehemu moja, njia inajichora ardhini yenyewe.

Watu walibishana sana kama hiyo ni gemu au mateso. Kwangu mimi ndo mwisho wa barabara iliyoanza na Mario kunyata na Lara kupima ukingo. Kwa miaka mingi kutembea kulikuwa kitu unachofanya ili ufike kwenye jambo lenyewe. Kojima akasema kutembea ndo jambo lenyewe. Na akishasema hivyo, anayepaswa kunyanyua mkono ni mtu wa Tabora. Njia inayojichora kwa nyayo za wengi? Ni njia ya msafara. Kamba uliyoachiwa na usiyemjua? Ni kambi yenye uzio wa miba uliouacha msafara uliotangulia. Kupanga mzigo ili bega lisipasuke? Babu wa babu yako alikuwa na shahada yake.

Levo zipo tayari

Hebu itazame njia kwa jicho la mtu aliyekulia kwenye pedi. Bagamoyo ndo pa kujifunzia: unachagua mzigo, unafunga, unamjua kirangozi wako. Unapita Mamboya na Mpwapwa, ardhi inanyanyuka. Unaingia Ugogo, ambako maji ni ya wenyewe na njia ni ya wenyewe, unalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi, na kila shuka unalotoa hapo ni shuka ambalo hutakuwa nalo mbele. Baada ya hapo Mgunda Mkali, pori kavu lisilo na kijiji cha kukuuzia chakula. Jina peke yake limeshakuwa levo. Ukitoka hai, unatua Unyanyembe. Mbele yake kuna mto Malagarasi wa kuvuka kwa mtumbwi na kulipia, kuna chumvi ya Uvinza, kisha Ujiji na ziwa mbele ya macho.

Misheni za pembeni? Historia ilishaandika. Stanley alifika Tabora mwaka 1871 akakuta Mirambo, mtemi wa Urambo, ameibana njia ya kwenda Ujiji. Akajiunga na Waarabu wa mjini kwenda kupigana, wakachapwa, na ikabidi azunguke mbali kusini ndo afike ziwani Novemba. Mtengenezaji mvivu atamfanya Mirambo bosi wa kuuawa. Mwenye akili atakupa ucheze upande wake pia, uone kwa nini mtemi wa Kinyamwezi alichoka kuona utajiri unapita kwenye ardhi yao ukiishia mikononi mwa wageni.

Na shujaa? Sidi Mubarak Bombay. Myao, alitekwa akiwa mtoto akafanywa mtumwa, akapelekwa India, akarudi akiwa huru. Alitembea na Burton na Speke mwaka 1857, akaenda tena na Speke na Grant mpaka kwenye Nile, akawa na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron kuanzia 1873 mpaka kutokea bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Huyu mwana alilivuka bara zima kwa mguu. Alikuwa anaongea Kihindi na Kiswahili, akisimama katikati ya watu wasioelewana. Mpe kitufe kile cha Zelda kinachobadilika kulingana na ulipo: mbele ya mtemi anajadili hongo, mbele ya wapagazi waliogoma anatuliza, mbele ya mto anasoma kina. Kila kifaa anachohitaji kilishatengenezwa, kiko kwenye gemu ulizomaliza.

Minyororo isifichwe

Kuna jambo moja siwezi kuliruka. Njia hii ilipitisha watu waliofungwa. Tanzania ilipoipendekeza kwa UNESCO mwaka 2006, iliiweka kwenye orodha ya awali kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na vituo vyake ni pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mfanyabiashara wa njia hiyo, Tippu Tip, alipita hapa na baba yake aliishi huku. Mpagazi wa kulipwa na mtu wa mnyororo walikanyaga vumbi moja, mara nyingine siku moja. Kuna watu hapa mjini ambao mababu zao walifika kwa miguu wakitokea Manyema, na si wote walitaka safari hiyo.

Gemu ina uwezo wa kulisema hili kwa namna ambayo mnara hauwezi. Kumbuka Bayek: Februari 2018 Ubisoft waliongeza kwenye Origins namna ya kuzunguka Misri nzima bila pigano hata moja, unatembea na kusikilizishwa historia. Waliondoa upanga na gemu ikabaki imesimama, kwa sababu miguu ilikuwa imejengwa vizuri. Fikiria kutembea toka Mpwapwa mpaka Kwihara ukiwa mtu asiyechagua mwendo wala pa kupumzika, kijiti cha kidole gumba kikigoma kukutii. Mchezaji aliyezoea uhuru wa Mario ataelewa ndani ya dakika moja alichonyang'anywa mtu wa mnyororo. Hiyo kazi inataka mkono wa adabu, na inafaa ifanywe na watu ambao majina ya vijiji hivyo ni anwani zao.

Anzia hapa

Mwana uliyesoma mpaka hapa na damu inachemka, sikia mchongo. Kwanza cheza kwa mpangilio, ukiwa mwanafunzi. San Andreas na Genshin Impact zipo kwenye simu, na Tomb Raider ya kwanza nayo iliwahi kutoka kwa simu. Ukiwa na mshikaji mwenye PS, omba Shadow of the Colossus na Death Stranding. Kila ukicheza jiulize: kamera iko wapi? Nani anaisukuma? Nikisimama ukingoni, gemu inanilinda au inaniacha nife? Chukua kidaftari, andika.

Pili, nenda Kwihara. Tembea, usichukue bodaboda kwenda na kurudi. Beba begi zito. Angalia ardhi inavyopanda, kivuli kiko wapi, mguu unachoka lini. Hakuna video itakayokupa hiyo data. Ukirudi, kaa na wazee wa Kinyamwezi uwaulize nyimbo na majina ya njia, na uwaheshimu kama vyanzo, uwataje kazi ikitoka.

Tatu, programu ni bure. Godot ya kutengenezea gemu na Blender ya kuchongea maumbo hazidai hata jero, na kompyuta ya mtumba inatosha kuanza nayo. Tafuta wana wenzako: mmoja anachora, mmoja anaandika msimbo, mmoja ana sikio la muziki. Gemu za 3D za miaka ya 1990 zilitengenezwa kwenye mashine dhaifu kuliko simu uliyoshika, na umbo la Lara lenye pembe pembe halikumzuia mtu kumpenda.

Nne, na hii ndo kubwa, usianze na ramani ya kilomita 1,200. Nintendo walipokuwa wanaitengeneza Super Mario 64, kabla ya majumba na milima, walihangaika na Mario peke yake akimkimbiza sungura kwenye eneo dogo, mpaka kukimbia kwenyewe kukawa raha. Fanya hivyohivyo. Mtu mmoja, mzigo mmoja wa kilo 30, njia moja ya vumbi toka tembe la Kwihara mpaka mjini. Mpe bega linalochoka na hatua inayobadilika kadiri mzigo unavyolala. Mwite dogo yeyote wa Isevya au Ng'ambo, mpe pedi, nyamaza. Akifika mwisho akaomba arudie, umeshika kitu. Hongo, Mirambo, Malagarasi na ziwa vyote vitaongezwa juu ya hatua hiyo, kimoja baada ya kingine, na dunia ambayo imekuwa ikijifunza kutembea tangu 1996 itakuja kujifunza kwa wenye fani.